Yabisi mbili zikisagwa pamoja zinageuka maji: hii ndiyo dawa ya vidonda ijayo?

MchiNaKinu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu alichomwa na mwiba wa sangara pale Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Wanaoijua kazi ile hawahitaji kuchorewa: samaki wa kilo kumi na ushee, umemkandamiza mezani unataka kumpasua utoe bondo (kibofu chake cha hewa), anateleza, mwiba wa pezi la mgongoni unazama kwenye nyama ya kidole gumba. Akanawa kwa maji ya ziwa palepale, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Siku ya tatu ananiletea kidole dukani. Kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Nafungua kitambaa nakuta unga umegandamana na usaha, umekuwa gamba kama ukoko wa ugali uliosahaulika sufuriani. Ukiligusa pembeni, maji ya kijivu yanachuruzika kutoka chini yake. Alikuwa amefungua kidonge cha antibayotiki cha rangi mbili akamwagia unga juu ya kidonda. Nani kakwambia? "Kaka, Mwaloni wote ndiyo tunavyofanya."

Mimi nina diploma ya famasia na nasimamia duka la dawa muhimu. Nililowesha lile gamba kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nikalibandua taratibu, nikampeleka hospitali akachomwa sindano ya pepopunda na kuandikiwa dawa ya kumeza. Kidole kimepona, tutarudi huko baadaye. Ila usiku ule sikulala, nikawa nakumbuka mambo ya chuoni.

Mwaka wa kwanza, darasa la vitendo, mwalimu alitupa kinu, mchi, na punje za vitu viwili: mentholi na kafuri. Kafuri hii ya kweli, siyo vile vidonge vya kufukuza mende kabatini. Akasema sageni pamoja mpaka iwe unga laini. Tunasaga. Baada ya dakika chache unga unaanza kulowa. Ukaendelea kulowa mpaka chini ya kinu kukawa na kimiminika cheupe kama maji, chenye harufu ya kupasua pua. Hakuna aliyetia hata tone la maji. Mwenzangu akaapa kwamba kinu kilikuwa hakijakauka. Mwalimu anacheka tu.

Mentholi peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 42 za Selsiasi. Kafuri peke yake inataka zaidi ya nyuzi 170. Zikikutana, zinayeyuka kwenye joto la chumba. Wafamasia wanalijua hili miaka mingi, na kwetu lilikuwa kero: lilitajwa kama kosa la kuepuka unapotengeneza dawa za unga.

Nimekuja kugundua kwamba kero ile sasa ni elimu nzima. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Leicester, Uingereza, walichanganya kolini kloraidi (peke yake haiyeyuki mpaka nyuzi 302) na urea (nyuzi 133), sehemu moja kwa mbili. Wakapata kimiminika kinachoganda kwenye nyuzi 12 tu. Yaani hapa Mwanza hakigandi hata alfajiri ya mwezi wa saba. Mwaka 2011 watu wa Leiden, Uholanzi, akina Young Hae Choi na Robert Verpoorte, wakaja na wazo tamu zaidi: kwamba mimea yenyewe huenda inafanya hivi. Ndani ya chembe ya mmea kuna sukari nyingi, kuna asidi za matunda kama ya limau na ya tofaa, kuna amino asidi kama prolini. Ukivichanganya hivyo kwa vipimo fulani, vinakuwa kimiminika cha tatu, si maji wala si mafuta. Pengine humo ndimo mmea unamoweka vitu ambavyo maji yanavikataa na mafuta yanavikataa.

Ndiyo vinaitwa viyeyushi vya kijani vya asili, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu vingine bila kuchafua mazingira. Haviruki hewani kama klorofomu na heksani, viyeyushi vya maabara vya siku zote, wala havishiki moto kirahisi kama spiriti. Sasa wanavijaribu kwenye vidonda. Nataka tuongee: kuna kitu hapa kwa ajili ya watu wa ziwani, au ni ya Wazungu wa maabara?

FundiWaMakoroboi

Mkuu hilo kwetu mbona la kila siku. Waya wa kuchomelea saketi, ule wa zamani wenye risasi, ni bati 63 kwa risasi 37. Bati peke yake linayeyuka nyuzi 232, risasi 327. Ukichanganya kwa kipimo hicho, 183 tu. Ukikosea kipimo inakuwa uji, haigandi kwa pamoja, kiungo kinapasuka mteja anarudi na simu na matusi juu. Kwa hiyo ninyi wa dawa mmechelewa.

MchiNaKinu

Fundi, umenifundishia darasa bila kulipwa. Kanuni ni hiyohiyo. Molekuli za kitu kimoja zimejipanga safu kwa safu kama tofali, ndiyo maana ni yabisi. Ukiingiza kitu cha pili kinachopenda kushikana nazo, safu zinavurugika, hazipati nafasi ya kujipanga tena. Kwenye risasi na bati ni metali. Kwenye hivi vya mimea kinachoshika ni hidrojeni inayokaa katikati ya molekuli mbili kama mtoto aliyeshikwa mikono na wazazi wote wawili.

KukuWaKisesa

Ngoja kwanza. Kolini kloraidi si ndiyo ile ipo kwenye premiksi ya kuku? Ninayo. Urea ninayo, ya mahindi. Nichanganye nipake mguu wa mama? Ana kidonda cha kisukari mwaka wa pili huu.

MchiNaKinu

USITHUBUTU. Naandika kwa herufi kubwa makusudi.

Kolini ya kuku imewekwa juu ya pumba au udongo, imepita kwenye magunia na mikono. Urea ya shamba ni ya shamba. Na mchanganyiko ule wa Leicester haukutengenezwa kwa ajili ya mguu wa mtu, ulikuwa wa kazi za kemia. Mama mpeleke kliniki ya kisukari wiki hii. Kidonda cha mwaka wa pili kina sababu yake, mara nyingi iko kwenye damu, kwenye mishipa na kwenye kiatu kabla haijawa kwenye dawa ya kupaka.

ZamuYaUsiku

Naunga mkono hapo juu. Mimi ni muuguzi, vidonda ndiyo kazi yangu miaka kumi na moja, hospitali siitaji.

Niwaambie tunachokutana nacho. Kidonda kipya ni rahisi: maji mengi safi, sabuni pembeni, gozi, kimekwisha. Kizee ndicho kazi. Ukikiangalia kwa karibu kina ute unaong'aa juu ya nyama, kama utelezi wa jiwe lililokaa majini pale ufukweni. Unaufuta kwa gozi, kesho umerudi. Huo ni utando, bakteria wamejijengea nyumba. Mgonjwa anameza vidonge siku kumi na nne, dawa inafika kwenye damu sawa, lakini ndani ya ule utando inapenya kidogo sana, na waliomo ndani wamelala, hawali wala hawazaliani, dawa nyingi haziwapati. Usaha ukiwa wa kijani na una harufu tamutamu kama zabibu, najua kabisa ni Pseudomonasi kabla ya majibu ya maabara. Wazee waliita donda ndugu wakijua wanachosema: linakaa na wewe.

Kwa hiyo mtoa mada swali langu ni moja. Hicho kimiminika chako kinapenya utando au hakipenyi? Kuua bakteria wanaoelea kwenye maji hata sabuni ya mche inaua.

MchiNaKinu

Dada (au kaka, samahani), hilo ndilo swali lenyewe.

Kilichonivutia mpaka nikaandika uzi ni hapo. Kuna kundi la Samir Mitragotri kule Marekani lilitengeneza kimiminika cha kolini na asidi ya jerani, ndugu wa karibu wa harufu ya mchaichai. Maabara kimeonyesha kwamba kinaua bakteria hadi walio ndani ya utando, hata stafilokokasi sugu. Kinaaminika kuwa kinavuruga ngozi ya nje ya bakteria, ile ya mafuta. Bakteria anaweza kujifunza kuvunja dawa moja. Kubadilisha ukuta mzima wa nyumba ni kazi ngumu zaidi.

Na kuna njia ya pili, kutumia kiyeyushi kama gari. Chukueni manjano, haya ya pilau. Kile cha njano ndani yake, kurukumini, kinaua bakteria vizuri kikipigwa mwanga wa bluu. Tatizo: hakiyeyuki kwenye maji. Weka manjano kwenye kikombe cha maji, koroga mpaka uchoke, yatakaa chini kama mchanga. Watafiti wa Oslo, Norwei, wamekiyeyusha kwenye hivi vimiminika vya sukari na asidi, kikaingia kwa wingi, kisha wakawapiga bakteria mwanga. Hapo mguu haupakwi spiriti ya kuunguza nyama inayochipuka, gari lenyewe ni chakula.

MzeeWaMagu

Mwangaluka wanangu. Mnazunguka sana. Sukari, asidi, maji kidogo, inayotoka kwenye mimea, inaponya vidonda. Hiyo si asali?

MchiNaKinu

Mzee, shikamoo. Umetumaliza.

Ni asali kabisa.  Ina sukari mbili kuu, gilukosi na furukitosi, zimebanana na maji asilimia 17 au 18 tu, na bado ni kimiminika. Uchachu wake uko kati ya pH 3 na 4 na nusu (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda). Bakteria akiingia humo, maji yake yananyonywa yote, anakauka kama dagaa juani. Na nyuki wameacha kimeng'enya ambacho kinatengeneza haidrojeni peroksaidi kidogokidogo pindi asali inapochanganyika na majimaji ya kidonda.

ZamuYaUsiku

Mzee shikamoo. Nakubali, ila asali ya kidonda siyo ile ya chupa ya maji inayouzwa kituo cha basi. Marekani waliruhusu bandeji za asali mwaka 2007, na asali ile imepigwa mionzi ya gamma kwanza, maana asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria wa sumu kali ya kupoozesha. Halafu ya hapa nyingine imechakachuliwa kwa sukari guru, ukiipaka unawalisha siafu.

MzeeWaMagu

Wabeja, mwanangu. Siafu nimewaona.

AsiliaRockCity

Mada nzuri sana. Mimi ni mjasiriamali wa tiba za asili hapa Mwanza. Nimeshatengeneza kitu cha namna hii: asidi ya limau, sukari, na unga wa mwarobaini, vimepashwa moto mpaka vikawa kama shira. Kijana mmoja wa chuo alinipimia kwenye sahani ya maabara, duara safi kabisa la milimita 18 kuzunguka dawa, bakteria hakuna. Picha ninayo. Ni ASILI asilimia mia, haina madhara. Nafungasha chupa za mililita 50. Anayehitaji aje inbox.

SahaniYaMaabara

Mkuu, samahani, nasoma mambo hayahaya. Hilo duara linadanganya.

Asidi ya limau ikikolea hivyo pH yake inashuka chini ya 2. Weka siki ya dukani kwenye sahani ileile, utapata duara. Weka maji ya ndimu, utapata duara. Bakteria wamekufa kwa uchachu, mwarobaini huenda hata haujafanya lolote. Ulitakiwa uwe na sahani ya pili yenye asidi peke yake kwa uchachu uleule, ya tatu yenye mwarobaini ndani ya maji, ndipo ulinganishe. Kijana wako alifanya?

Na hapo hujaweka kwenye nyama ya mtu. Uchachu unaoua bakteria unaua na chembe za ngozi changa zinazojaribu kuziba kidonda. Ndiyo maana hospitali wakitumia asidi ya siki dhidi ya Pseudomonasi kwenye vidonda vya moto wanaizimua kwanza.

AsiliaRockCity

Kwani ndimu ina madhara? Tunakula kila siku.

SahaniYaMaabara

Kamulia jichoni uje utupe mrejesho.

ZamuYaUsiku

😂😂 Nimecheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili kaamka.

SahaniYaMaabara

Niongeze jambo ambalo naona watu wengi wanalipita, hata wenye digrii. Hivi vimiminika vina adui mmoja, maji. Maji kidogo yanasaidia, yanapunguza uzito, maana vingine ni vizito kama asali ya baridi, havitoki kwenye chupa. Lakini ukivuka karibu nusu kwa nusu, zile hidrojeni zinaachia mikono, kila molekuli inamkumbatia maji. Huna tena kiyeyushi, una maji ya sukari yenye ndimu.

Sasa kidonda ni nini? Ni chemchemi. Kidonda cha mguu kinaweza kulowanisha bandeji nzima kwa siku. Kile kiyeyushi chako kinaingia humo kikiwa na nguvu, baada ya muda kimezimuliwa, na kurukumini iliyokuwa imeyeyuka inajitenga inarudi kuwa mchanga wa manjano. Wengine wanalitumia hilo kama faida: dawa iachiwe pale inapotakiwa. Wengine wanakifunga ndani ya jeli inayoshika maji ili kizimuliwe polepole. Ila huwezi kupima kwenye sahani kavu ukasema nimemaliza.

MchiNaKinu

Hili sikulijua kwa undani huo, na limenifanya nirudi kukiangalia kile kidole kwa akili nyingine. Lile gamba la unga lilishindwa kwa sababu kinyume: halikuyeyuka kabisa. Limekaa juu kama kifuniko, chini bakteria wanakula sikukuu.

Kuhusu "asili haina madhara", naomba tulizike. Sumu ya nyoka ni asili. Mchanganyiko wa mimea unapopewa sifa ya dawa ya kidonda, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ipo, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo, mlango uko wazi. AsiliaRockCity, sikupigi vita, ila chupa zako zisitangulie vipimo.

Halafu msidhani mambo haya ni ya mwaka 3000. Ile krimu ya ganzi wanayopakwa watoto kabla ya sindano ni ujanja uleule wa kinu: lidokaini na prilokaini, zote yabisi, zikichanganywa nusu kwa nusu zinakuwa mafuta, zinapenya ngozi isiyo na jeraha. Iko sokoni tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo njia ya kufika dukani ipo, kuna walioshaipita. Kwa vidonda bado. Hakuna chupa ya hivi vya kuua bakteria ninayoweza kukuuzia leo dukani kwangu na nikalala usingizi.

KukuWaKisesa

Sasa kama antibayotiki zipo, haya yote ya nini?

ZamuYaUsiku

Kwa sababu zinaisha nguvu. Mwaka 2019 peke yake, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria waliogoma kusikia dawa. Hapa Mwanza maabara za Bugando na chuo chake zimekuwa zikiandika juu ya usugu miaka mingi, siyo habari ya mbali. Na kila kidonge cha rangi mbili kinachofunguliwa juu ya kidonda ni tuisheni ya bure kwa bakteria: dozi haijulikani, siku hazijulikani.

MchiNaKinu

Na la ziwani lina lake. Kwenye maji baridi kama ya ziwa letu anaishi bakteria anaitwa Aeromonasi. Anapenda sana vidonda vya mwiba na ndoano. Kwa maumbile yake ana kimeng'enya cha kuvunja ampisilini, moja ya antibayotiki za vidonge. Kwa hiyo mvuvi ananawa kidonda kwa maji ya ziwa, anamkaribisha, kisha anamwagia ampisilini ambayo mgeni anaipuuza. Kama jeraha ni la ziwani, mwambie daktari kuwa ni la ziwani. Neno hilo moja linabadilisha dawa atakayoandika.

MtoaBondo

Mimi ndiye mwenye kidole. Kaka kanianika mpaka kwenye mitandao.

Kidole kimepona, kovu limebaki kama punje ya mchele, kikipigwa na barafu ya samaki kinauma. Nimesoma uzi wote, ya hidrojeni nimeruka. Naomba niwaulize wasomi: mnasema maji safi na sabuni. Pale mezani kwangu bomba liko mbali, nikiondoka dakika tano bondo langu limebebwa na mwenye mikono mirefu, na bondo moja linazidi bei ya samaki mzima. Maji yaliyo karibu ni ya ziwa. Nifanyeje?

FundiWaMakoroboi

Vaa glavu.

MtoaBondo

Glavu za mpira zinateleza, sangara anakuponyoka na kisu kiko mkononi. Tulijaribu, ndipo jamaa mmoja akajikata zaidi.

ZamuYaUsiku

Jaribu za uzi, zile za kazi za ujenzi, juu ya za mpira. Zinashika. Mwiba mnene utapita, ila mikwaruzo midogo itapungua, na hiyo ndiyo inayoingiza wadudu kila siku bila wewe kujua.

MchiNaKinu

Mdogo wangu, jana nimenunua dumu la lita ishirini lenye koki na kipande cha sabuni nimekifunga kwenye soksi. Maji nachemsha mimi usiku, asubuhi mwenye bodaboda anakushushia kabla ya saa kumi na moja. Litundike kwenye nguzo ya meza yako. Wenzako nao wanawe hapo.

MtoaBondo

Kaka dumu nimelipata. Mpaka saa tatu asubuhi maji yalikuwa yamekwisha, wamenawia miguu. Sabuni imeibwa na soksi yake.